Sahani Inarudi Imejaa

Jumamosi, 24 Mei

Mama mkwe amefika. Calvin amemleta kutoka kijijini pamoja na gunia la mahindi mapya, ndoo ya ulezi, jogoo aliyefungwa miguu na mfuko wa maharage ambao hakutaka mtu mwingine aubebe. Atakaa nasi hapa Kizwite, Sumbawanga, mpaka baridi ipungue. Calvin mwenyewe Jumatatu anarudi kazini Matai, ataonekana Jumamosi kwa Jumamosi. Kwa hiyo mgeni ni wake, kazi ni yangu. Silalamiki, naandika tu.

Amekonda kidogo tangu Krismasi. Nimemwambia, akasema ni uchovu wa kuvuna.

Jumapili, 25 Mei

Mama mkwe, Mama Bertilla, hapulizi chai. Anamimina kutoka kwenye chupa, mvuke unamfunika uso mzima, na yeye anakunywa hapohapo. Mtoto wetu Precious alikuwa anamtazama mdomo wazi.

"Bibi, huungui?"

"Wanaoungua ni watoto wa mjini."

Akatusimulia habari za kimpumu, pombe yao ya ulezi. Wanakizunguka chungu, kila mtu na mrija wake, na mwenye nyumba anaongeza maji yanayotokota kila yanapopungua. Mwenye nyumba ndiye anayevuta kwanza, wageni waone hakuna kitu kibaya ndani. Na maji lazima yawe ya moto kabisa. Ya vuguvugu, anasema, anawekewa mgeni usiyetaka arudi. Tumecheka mpaka Precious akamwaga chai.

Jumatano, 28 Mei

Nimemletea chupa ya chai kutoka dukani kwangu, ile kubwa ya chuma. Chai ukiiweka alfajiri, jioni bado inababua ulimi. Kati ya vyombo vyote ninavyouza, hiyo ndiyo ninayoisifia bila kudanganya. Ameipapasa, akaifungua, akaifunga, akasema, "Calvin ameoa." Nimetembea kwa maringo siku nzima.

Jumatatu, 2 Juni

Baridi na upepo. Biashara hakuna.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepika ugali na samaki, migebuka ya kukaanga, nikaunga kwa nyanya na karanga. Mama amekula tonge moja. La pili amelitafuna mpaka mimi nikamaliza sahani yangu. Akaomba maji ya moto, akanywa, akasukuma sahani.

"Nimeshiba, mwanangu."

Umeshiba nini? Sikuuliza.

Jumamosi, 7 Juni

Calvin yupo. Mama amekunywa mchuzi, nyama amempa Precious. Calvin hakuona, maana huyu mwanaume akila anaitazama televisheni kama ndiyo iliyompikia.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimekuta matonge ya ugali nyuma ya banda la kuku. Matano, mazima, yamebanwabanwa kama yalikuwa yamefichwa kwenye khanga. Ni ugali wangu wa jana. Alisema umemfaa sana.

Nimesimama pale nikiwatazama kuku wanaudonoa. Ndugu zangu wa Tukuyu wana utani wao: kila nikienda nyumbani wananiuliza kama huku Sumbawanga bado watu wanapaa na ungo, na mimi miaka yote hii nawajibu, nawatetea Wafipa kwa nguvu. Kumbe mimi ndiye ninayeogopwa. Mimi ndiye ninayepika kitu ambacho mtu mzima anaona bora kuwatupia kuku.

Nimeumia, sitaficha. Natoka dukani miguu inaniuma, nashika mwiko, nasonga ugali wa mtu anayeninyanyapaa ndani ya nyumba yangu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemwambia Mama Nsajigwa. Ni jirani, ni mtu wa kwetu Rungwe, mambo haya anayaelewa. Nilikwenda gengeni kwake kununua vitunguu, yakanitoka yote. "Mama mkwe wangu anadhani namlisha sumu. Chakula changu anakitupa." Aliacha kupima vitunguu, akavuta kigoda nikae. Alinisikiliza vizuri sana. Wateja wawili walikuwepo, na wao wakanisikiliza vizuri.

Jumanne, 17 Juni

Leo nimemkomesha.

Niliweka ugali mezani, maharage, mboga ya maboga. Mama akanawa, akakaa, akaanza kuutazama ule ugali kama kawaida yake. Nikamega tonge kwenye sahani yake, nikachovya kwenye bakuli lake, nikala mbele ya macho yake. Polepole. Nikasema:

"Naondoa uchawi, mama. Sasa unaweza kula."

Precious aliacha kutafuna. Mama alinitazama, hakukasirika, alinitazama tu kama mtu aliyeitwa jina ambalo si lake. Akachukua tonge, akalishika muda, akalirudisha.

"Asante, mwanangu. Kesho unipikie uji tu."

Nimelala vizuri. Mwenyewe kayataka.

Ijumaa, 20 Juni

Uji asubuhi, uji mchana, uji jioni. Anautaka wa moto kabisa, unatoka jikoni unachemka. Anasema moto unafungua njia.

"Njia gani, mama?"

"Njia ya chakula."

Nimempelekea pamoja na chupa yake ya chai. Na kabla hajanywa nimeonja tena, maana nimeshaanza, siwezi kuacha nikaonekana nimeshindwa. Mama Nsajigwa nimemsimulia, alicheka mpaka akafuta machozi.

Jumatano, 25 Juni

Gauni lake la misa linampwaya mabegani. Nilimsaidia kufunga kitambaa kichwani, nikaiona shingo. Nikasema moyoni, ndiyo ukome, njaa itakufundisha chakula cha nani ni chakula.

Jumanne, 1 Julai

Amepaliwa na chai. Anatema mate kwenye kopo, analifunika kwa jani la mgomba. Nimemwambia Precious asilishike.

Alhamisi, 3 Julai

Upepo umeng'oa bati moja la banda. Kuku wawili wamepotea.

Jumapili, 6 Julai

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Baada ya ibada nilimkuta wifi Angela mlangoni, pamoja na mjomba Teodori, mdogo wake mama. Wametoka kijijini alfajiri bila kupiga simu. Angela ni dada mkubwa wa Calvin, mtu wa maneno machache, na leo hata salamu yangu aliipokea nusu. Nikamwamkia mjomba, akaitikia marahaba huku anatazama ukuta.

Nilikuwa nimemchinja jogoo, yule yule aliyekuja na mama. Nikasonga ugali, nikaandaa meza. Hakuna aliyesogea.

"Wifi," Angela akasema, "tumesikia unaonja chakula cha mama kabla hajala. Tumekuja kuuliza unaondoa nini humo."

Calvin akasema, "Anaonja nini?" Hakuwa anajua chochote.

"Mwulize mkeo. Mwanamke aliyeleta maharage mnadani kwetu maneno hayo ameyatoa huku Kizwite. Kasema mama anaogopa chakula cha nyumba hii. Na mtazame mama alivyo. Niliwapa huyu mama ana mwili, leo naona mifupa. Mnamlisha nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi: maneno hayo nimeyatoa mimi, kwa mdomo wangu, gengeni, nikinunua vitunguu. Nikasema, "Watu wana maneno, wifi." Hilo ndilo nililosema.

Mjomba akakohoa. "Hatujakataa chakula, mama Precious. Tunauliza tu, ili tujue."

Ndipo mama akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi, "Precious, niletee maji ya kunawa."

Akanawa. Akavuta sahani ya ugali karibu. Nilimwona anamega, si tonge la mgonjwa, tonge la mtu aliyetoka shambani. Akachovya kwenye mchuzi wa jogoo.

"Ninakula kwa mkwe wangu," akamwambia Angela. "Kila siku ninakula kwake. Hajanipa kitu kibaya hata siku moja. Mwenye maneno anyamaze."

Akaweka mdomoni. Akatafuna kidogo, akafumba macho, akameza.

Likakwama. Nililiona likikwama. Mkono ulikwenda kifuani, macho yakafunguka makubwa, mdomo ukaanza kujaa mate yanayomwagika hadi kwenye khanga. Hakutoa sauti yoyote. Angela alipiga kelele, "Kamlisha nini? Kamlisha nini?" Calvin akamwinua, nikampiga mgongoni, nikampiga kwa nguvu, nikampiga yule mama mgongo wote mifupa, mpaka tukafika naye uani akiwa ameinama, na lile tonge likatoka. Zima. Limefunikwa na ute, halijaenda popote.

Alipopata pumzi alishika ukuta. Angela alikuwa anaelekea kwangu na uso ambao sitausahau. Mama akanyoosha mkono, akamzuia.

"Si yeye," akasema. "Halishuki. Tangu Kwaresima halishuki."

Jumatatu, 7 Julai

Sikukuu ya Sabasaba, lakini hospitali tumepata daktari, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. Akamwuliza mama lilianza lini.

"Kwaresima. Nilikuwa nafunga. Pasaka ilipofika nikaona chakula kigumu hakitaki kupita, nikadhani koo limezoea mfungo, litajirudi. Basi nikawa nasukuma na maji ya moto."

"Ya moto kiasi gani?"

"Ya moto, binti yangu. Yana kipimo?"

Daktari aliandika. Tunapewa rufaa kwenda Mbeya, kuna kipimo cha kuingiza mpira wenye kamera kooni. Calvin hajaongea na mimi tangu jana. Anaongea na Precious, anamwambia, "Mwambie mama yako chai tayari."

Alhamisi, 10 Julai

Mbeya. Wamechukua kinyama kidogo kooni cha kupima, majibu wiki ijayo. Tumefikia kwa dada yangu, ambaye hajauliza habari za ungo.

Jumapili, 13 Julai

Dada na watu wake wamekwenda kanisani, tumebaki wawili. Mama alikuwa amekaa juani na kikombe cha maziwa. Nikakaa chini, kwenye ngazi. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Wiki zote zile, mimi napika na kupakua, kwa nini hakusema halishuki.

Alikunywa funda moja la maziwa.

"Kijijini kwetu nimewaona wawili waliokuwa hivi. Chakula kinagoma, mtu anakauka. Watu hawasemi ni ugonjwa. Wanasema amelishwa kitu. Halafu wanauliza, amelishwa na nani? Mimi nilikuwa nakula kwako. Na wewe si mtu wa huku. Ningesema, wangekuja kwako."

"Kwa hiyo ukawatupia kuku."

"Nilikuwa nataka sahani irudi tupu. Usione sili."

Nilitaka kumwambia hapohapo. Maneno yalifika mdomoni. Alikuwa ananificha mimi, siku zile zile ambazo mimi nilikuwa gengeni nimekaa kwenye kigoda namtangaza. Alibanwa na njaa akitunza jina langu, na jina lake mimi nalipima pamoja na vitunguu. Nikainuka nikasema naenda kutazama maharage. Hakukuwa na maharage jikoni.

Ninaona haya hata kuandika kwa mkono huu.

Ijumaa, 18 Julai

Ni saratani ya umio, njia ya chakula. Imeshakuwa kubwa.

Daktari wa huku, mzee mwenye miwani, alituketisha mimi na Calvin. Akasema ugonjwa huu anauona sana kwa watu wa nyanda hizi za baridi, na wanakuja wakiwa wamechelewa, kwa sababu mtu anaacha ugali, anahamia wali, anahamia uji, anahamia chai, na nyumbani wanasema anachagua chakula. Niliinamisha kichwa. Calvin alinitazama, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Nikauliza kuhusu chupa. Nilimwambia kila kitu, chupa ya chuma, chai inayobabua, uji unaotoka jikoni unachemka, jinsi nilivyokuwa namwongezea. Akasema hapana, mwezi mmoja haufanyi hivi. Haya ni mambo ya miaka mingi. Vinywaji vya moto sana, kila siku, tangu utotoni, vinaunguza ile njia na kuichubua tena na tena. Pombe nayo inachangia, na tumbaku, na kula bila matunda wala mboga za kutosha. Kuna wanaofanya yote hayo wasiugue, na kuna wanaougua hawajafanya hata moja. "Siwezi kukuonyesha kidole kwamba ni hiki," akasema. "Lakini nyie wenye watoto, acheni chai ipoe kwanza. Hilo haliwagharimu kitu."

Alidhani amenituliza. Amenifutia kosa ambalo sikulifanya, lile nililolifanya hakuniuliza.

Jumanne, 22 Julai

Wamemwekea kibomba ndani ya umio ili vitu laini vipite. Kwenda Dar kwa matibabu ya mionzi amekataa. Calvin amembembeleza, mjomba amepiga simu, padri amepiga simu. Anasema anataka kuona ulezi wake ukipepetwa.

Jumamosi, 26 Julai

Tumerudi Kizwite. Vumbi kila mahali.

Jumatano, 30 Julai

Precious anapuliza chai yake mpaka inakuwa maji ya mto. Bibi yake anamtazama, anasema, "Umekuwa mtoto wa mjini kweli." Mtoto akasema, "Na wewe bibi." Mama akasema, "Na mimi."

Jumapili, 3 Agosti

Nimemwambia Calvin yote. Tonge la mbele ya mtoto, genge, kigoda, na kwamba Angela alichosikia kilitoka kwangu. Nilitegemea atafoka. Alikaa kitandani akivua soksi, akazikunja, akasema, "Nilikuwa nakuja kila Jumamosi. Nilikuwa nakaa naye meza moja." Hakunisamehe na hakunilaumu, nikabaki na mzigo wangu na sasa nauona na wake.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Mteja kataka chupa ya chuma. Nimemwuzia, nikamwambia amimine, asubiri. Kanitazama kama nimemharibia bidhaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimejifunza uji wake. Unga wa ulezi, maziwa, kijiko cha karanga zilizosagwa laini; mahindi yale ya gunia nimeyachambua yote, yenye ukungu nimeyafukia, sikuwapa hata kuku. Nachuja kwa kitambaa kusiwe na donge. Nauacha. Kisha nachukua kijiko, naweka mdomoni mwangu, nangoja. Ukiniuma mimi, yeye hapati. Mara ya kwanza nilifanya hivyo bila kufikiri, nikiwa nimesimama mbele yake, na kijiko kikiwa mdomoni nikakumbuka. Uso uliwaka. Mama aliangalia pembeni, akanisubiri nimalize.

Jumanne, 19 Agosti

Hajala vizuri. Mate yanamsumbua. Usiku alimwita mtu kwa Kifipa, Calvin kasema ni mama yake.

Jumamosi, 23 Agosti

Angela amekuja jana na ulezi mpya. Leo asubuhi waliupepeta uani, mama amekaa kwenye mkeka ukutani, blanketi mapajani, anawaelekeza. Upepo ulikuwa mzuri, makapi yanakwenda upande mmoja.

Mama Nsajigwa akaja kumjulia hali, kaleta maparachichi. Nikamkaribisha, akakaa. Nikatoka na kikombe cha uji. Nikapiga magoti, nikachukua kijiko, nikaonja, nikangoja.

Mama Nsajigwa akacheka. Si kwa ubaya, alidhani ni mchezo wetu bado unaendelea. "Kumbe humu ndani mnaonjeana mpaka leo?"

Angela akashusha ungo. Nikafungua mdomo kujibu. Mama akanitangulia.

"Ananiondolea moto," akasema. "Mimi siruhusiwi."

Ningeweza kuiacha hapo. Ilikuwa imenitosha, ameshanifunika tena kwa khanga yake, kama siku ile. Nikaweka kikombe chini.

"Mama Nsajigwa, yale niliyokuambia gengeni si kweli. Mama hajawahi kuogopa chakula changu. Koo lilikuwa limeziba. Mimi nikawa namsimanga mbele yako na mbele ya wateja wako, na maneno yakafika mpaka kwa wifi huyu hapa. Wifi, ni mimi. Siku ile ulipouliza nikasema watu wana maneno. Ni maneno yangu."

Mama Nsajigwa alikuwa anayapanga maparachichi yaliyokwisha kupangwa. "Basi, mama Precious, hayo yamepita."

"Hayajapita," mama akasema. "Mwache aseme."

Nikageuka kwake. Nilikuwa nimeshapiga magoti, sikujua niende chini kiasi gani tena. "Nisamehe, mama."

Aliyatazama makapi. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo, ikabidi nisogee.

"Kwamba unanitangaza nilijua. Nilisikia kanisani, Juni ile ile. Lile tonge, mwanangu. Kusema unaondoa uchawi, na mjukuu wangu anatazama. Koo halijaniuma hivyo."

Nililia. Sikuficha uso. Angela aliokota ungo wake, akaanza kupepeta tena, taratibu.

Mama akanyoosha mkono. "Uji unapoa."

"Ndivyo unavyotakiwa, mama."

"Basi onja tena kwanza. Huyu mgeni wako aone."

Nikaonja, mbele yao wote. Ulikuwa vuguvugu kabisa, ule wa kumwekea mgeni usiyetaka arudi. Nikampa. Akaupokea kwa mikono miwili, akaunywa wote, akanirudishia kikombe kitupu.